Mgeni Anapodhuriwa na Mnyamapori: Dhima Iko kwa Nani?

Mada iliyosomwa katika mkutano wa wananchi wa kata zinazopakana na hifadhi



Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi kuna swali ambalo huulizwa kwa mzaha kila msimu wa watalii unapoanza: tembo akimkanyaga mgeni, nani atakamatwa? Wazee hucheka, vijana hujibu kwamba mnyama ni wa Serikali na kwa hiyo Serikali ndiyo itakayolipa, na mazungumzo huhamia kwenye bei ya mahindi. Jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia ndiyo inayoweza kukigharimu kijiji kiwanja chake cha kambi, kumfikisha kijana mahakamani, na kuiacha familia ya mwongoza wageni bila mlezi na bila malipo. Mada hii inahusu nusu hiyo.

Mnyama ni wa nani

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inatamka kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na kwamba mali hiyo iko mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Usimamizi wa kila siku umegawanywa. Hifadhi za Taifa ziko chini ya TANAPA. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA. Ngorongoro ina mamlaka yake. Maeneo ya jumuiya, kama Ikona wilayani Serengeti au Burunge wilayani Babati, husimamiwa na jumuiya za vijiji vilivyotoa ardhi, na ardhi ya kijiji iliyo nje ya maeneo hayo iko chini ya halmashauri ya kijiji. Tembo hajui mipaka hiyo. Huamkia upande wa hifadhi, hunywa maji upande wa jumuiya, na usiku hula mahindi ya kijiji. Naye katika mzunguko huo wote hubaki mali ya umma.

Lakini kuwa mali ya umma si sawa na kufugwa na Serikali, na hapa ndipo wengi hupotea. Kanuni za madai zilizopokewa Tanganyika kutoka Uingereza, kwa tarehe ya mapokezi ya 22 Julai 1920, zinatenganisha mnyama aliyefungiwa na mnyama aliye huru. Anayemweka simba bandani, au chui katika kizimba cha maonyesho, hujibu madhara ya mnyama huyo hata kama alijitahidi kuwa mwangalifu, kwa sababu yeye ndiye aliyeisogeza hatari hiyo karibu na watu. Mnyama aliye huru porini hana mfugaji wa namna hiyo. Aliyejeruhiwa naye hawezi kufika mahakamani na kudai kulipwa kwa sababu tu mnyama ni wa Serikali. Atatakiwa kumwonyesha mtu, kampuni au taasisi iliyokuwa na wajibu wa kumlinda, kisha haikuutimiza wajibu huo.

Kwa hiyo dhima haimfuati mnyama. Inamfuata aliyempeleka mgeni mahali mnyama alipokuwa.

Matukio ya miaka ya karibuni katika nchi za kusini mwa Afrika yanaonyesha jinsi swali hilo linavyobadilika sura. Mwezi Juni 2015, katika bustani ya simba karibu na Johannesburg, mtalii kutoka Marekani aliuawa na simba jike aliyemfikia kupitia dirisha la gari lililokuwa wazi. Mwezi Machi 2024, katika Hifadhi ya Kafue nchini Zambia, tembo dume alilishambulia gari la wageni waliokuwa na mwongozaji, na mwanamke wa Marekani mwenye umri wa miaka 79 akapoteza maisha. Mwezi Julai mwaka huohuo, huko Pilanesberg, Afrika Kusini, mtalii wa Hispania alishuka garini ili awapige picha tembo, akauawa. Mwezi Julai 2025, katika Hifadhi ya South Luangwa, Zambia, wanawake wawili, mmoja wa Uingereza na mwingine wa New Zealand, waliuawa na tembo jike mwenye mtoto wakiwa katika matembezi ya miguu yaliyoongozwa.

Si kazi ya mada hii kumhukumu yeyote katika matukio hayo. Yanatajwa kwa sababu kila moja linaibua maswali yake. Katika la kwanza wanyama walikuwa wamefungiwa, na mwenye bustani anaulizwa juu ya uzio, onyo na dirisha. Katika la pili anaulizwa dereva: alisimama wapi, alikuwa na njia ya kuondokea, alimwona mnyama lini? Katika la tatu anayeulizwa kwanza ni mgeni mwenyewe. Katika la nne huulizwa juu ya mwongozaji na mwenye bunduki: walikuwa na sifa gani, walisoma upepo na nyayo vipi, na nani aliamua kundi lipite njia ile asubuhi ile?

Kilichojulikana, na aliyekijua

Wanafunzi wa sheria katika Afrika Mashariki huanza somo la uzembe kwa kesi ya konokono. Mwanamke mmoja alikunywa kinywaji cha tangawizi katika mgahawa mjini Paisley, Scotland, akadai kwamba ndani ya chupa ile mlikuwa na mabaki ya konokono. Kesi ilifika mahakama ya mwisho ya Uingereza, na mwaka 1932 ikaamuliwa kwamba mtengenezaji anao wajibu wa uangalifu kwa mtu ambaye angeweza kutarajia kwamba atadhurika kwa uzembe wake, hata kama hawajawahi kuonana. Konokono na tembo hawalingani kwa kimo, lakini kanuni inayowahusu mbele ya hakimu ni hiyohiyo: je, madhara yale yangeweza kutarajiwa na mtu mwenye busara aliyekuwa katika nafasi ile?

Neno "kutarajiwa" ndilo linaloleta kesi mlangoni mwa kijiji. Mgeni aliyewasili jana kutoka Ulaya hajui kwamba korongo lililo nyuma ya kambi ni njia ya tembo. Mchungaji wa miaka kumi anajua. Mgeni hajui kwamba kiboko hutoka mtoni usiku kwenda malishoni na hurudi alfajiri kwa njia ileile, na kwamba anayekutwa kati yake na maji yuko katika hatari kubwa. Mama anayechota maji pale anajua. Mwenyeji anayetandika hema juu ya njia ya kiboko hawezi kusema mbele ya mahakama kwamba tukio lilikuwa kudra, kwa sababu kijiji kizima kingeweza kumweleza.

Kadhalika kwa vyakula. Tembo huvutwa na harufu ya machungwa, ndizi na matunda mengine, na hema si kizuizi kwake. Kambi inayowaruhusu wageni kulala na matunda ndani ya hema inaalika mnyama ndani. Kambi inayoweka chakula katika stoo imara, inayofunga mapipa ya taka, inayowapa wageni msindikizaji wa usiku kutoka mezani hadi hemani, na inayowaeleza mambo hayo siku wanapofika, imetimiza sehemu kubwa ya wajibu wake kwa gharama isiyozidi bei ya kufuli na mshahara wa mlinzi.

Lipo jambo ambalo baadhi ya wasimamizi wa kambi hulikwepa, nalo ni daftari la matukio. Hoja yao ni kwamba wakiandika kuwa chui alionekana jikoni usiku wa Jumatatu, halafu mgeni akajeruhiwa Jumatano, daftari lenyewe litawafunga. Hoja hiyo ina akili ya siku moja. Mpishi alimwona chui, mlinzi alimwona, na wote wawili watahojiwa. Daftari tupu litaonyesha kwamba kambi ilijua na ikanyamaza. Daftari lililoandikwa Jumatatu chui alionekana, Jumanne mhifadhi alijulishwa, wageni wakaambiwa, watoto wakahamishiwa vyumba vya ndani na taa zikaongezwa, ndilo ushahidi pekee ambao mwenye kambi anaweza kuuweka mezani akaeleweka.

Mgeni naye anao wajibu. Anayeshuka garini baada ya kukatazwa, anayemrushia nyani mkate, anayetoka hemani usiku bila kumwita mlinzi ilhali ameelezwa, mahakama itaitazama sehemu yake katika madhara yaliyompata, na fidia inaweza kupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake au kukataliwa kabisa. Kwa mtoto mdogo hali ni tofauti. Mtoto hatarajiwi kuipima hatari kama mtu mzima, na kambi inayopokea familia inapaswa kujua hivyo kabla ya kupokea malipo.

Fomu iliyosainiwa

Kampuni na kambi nyingi humpa mgeni karatasi ya kusaini inayosema kwamba anaingia porini kwa hiari yake na hatadai chochote. Karatasi hiyo ina manufaa yake: inathibitisha kwamba alielezwa kuwa wanyama wako huru na ni hatari. Haigeuzi uzembe kuwa bahati mbaya. Mtu hukubali hatari anayoielezwa, yaani kwamba porini kuna simba. Hakubali kwamba dereva atakuwa amelewa, au kwamba askari aliyeahidiwa hatakuwapo. Nchini Uingereza, sheria inamzuia mfanyabiashara kujiondolea kwa karatasi dhima ya kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe wake. Hapa nchini, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuwa mtu asiyefikisha miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, na kwa hiyo saini ya mtoto haina kazi. Fomu iliyoandikwa Kiingereza na kusainiwa na mgeni asiyejua ila Kifaransa nayo ni dhaifu.

Mnyororo unaoanzia Ulaya

Mtalii wa Ulaya mara nyingi hununua safari nzima nyumbani kwake: ndege, gari, kambi na mwongozaji katika bei moja. Kwa mujibu wa Mwongozo wa Umoja wa Ulaya Na. 2015/2302, aliyemuuzia safari hiyo anawajibika kwa utekelezaji wa huduma zote zilizomo, hata zile zinazotolewa na watu wengine katika nchi ya mbali. Uingereza ina kanuni za mwelekeo huohuo za mwaka 2018. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kampuni iliyouza safari inawajibika kwa kitendo cha mfanyakazi wa hoteli huko Sri Lanka aliyemdhuru mgeni, ingawa mfanyakazi yule hakuwa wa kampuni. Kesi ile haikuhusu wanyama, lakini inaonyesha jinsi mkono wa sheria unavyofika mbali.

Maana yake kwa kijiji ni hii. Mgeni aliyejeruhiwa hana haja ya kufungua kesi Arusha. Atafungua mjini kwake, kwa sarafu yake na kwa gharama za hospitali za kwake, dhidi ya kampuni iliyomuuzia safari. Kampuni hiyo ikilipa, itageuka na kumdai mshirika wake wa Tanzania. Naye atafungua kabati, atoe mkataba alioingia na mwenye kambi, na kutafuta kifungu kinachosema kwamba mwenye kambi atamkinga dhidi ya madai yote. Vifungu vya namna hiyo vimo katika mikataba mingi ya biashara ya utalii. Mwenyekiti wa kijiji anayetia saini mkataba wa kurasa ishirini kwa Kiingereza, akiangalia tu mstari wenye ada ya kitanda kwa usiku mmoja, huenda amekubali kwa niaba ya wanakijiji wenzake kubeba deni lisilo na kikomo.

Na kijiji kinaweza kudaiwa. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji ni chombo chenye utu wa kisheria, chenye muhuri wake, kinachoweza kushitaki na kushitakiwa. Kijiji kinachopokea ada ya kiingilio, kinachokodisha kiwanja cha kambi, au kinachomtuma kijana wake awatembeze wageni hadi kwenye maporomoko, kinafanya biashara. Stakabadhi ya malipo ambayo mhasibu wa kijiji huitoa kwa fahari ndiyo karatasi ya kwanza ambayo wakili wa mdai atainakili.

Wenyeji husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayepona kwa ada ya mgeni hawezi kujitenga naye siku anapoumia.

Kijana anayeongoza wageni

Katika kata hizi wapo vijana wanaozijua njia za tembo kuliko ramani yoyote. Wengi wao huwaongoza wageni kwa mapatano ya barabarani: mgeni amefika kwa basi au kwa bodaboda, anataka kuona viboko jioni, bei inakubaliwa, safari inaanza. Hakuna leseni, hakuna bima, hakuna redio, na mara nyingine mwongozaji hana hata salio la simu.

Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya kazi ya kuongoza watalii awe na leseni. Asiye nayo hukutwa na mambo mawili kwa pamoja. Kwanza ni kosa lenyewe la kufanya kazi bila leseni. Pili, mgeni akidhurika, kukosa leseni kutakuwa jambo la kwanza kutajwa na mdai, kwa kuwa mtu aliyejitangaza kuwa mwongozaji hupimwa kwa kiwango cha mwongozaji aliyefunzwa. Kifo kikitokea kwa uzembe mkubwa, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweza kumgeuza mdaiwa kuwa mshitakiwa wa kuua bila kukusudia. Jibu la lile swali la mzaha, nani atakamatwa, ni kwamba anayeulizwa kwanza na polisi ni yule aliyekuwa na mgeni.

Haisemwi hivyo ili vijana wakate tamaa. Ujuzi wao ni halisi. Wanajua kwamba tembo dume anayetokwa na majimaji kati ya jicho na sikio hasogelewi. Kwamba jike mwenye mtoto hahitaji sababu ya kushambulia. Kwamba nyati dume aliyejitenga na kundi ni hatari kuliko kundi zima. Wanajua kutazama upepo. Kinachokosekana ni karatasi, na karatasi hupatikana: mafunzo, leseni, bima ya dhima, na kikundi kilichosajiliwa chenye daftari na ratiba. Ndani ya Hifadhi za Taifa matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari mwenye silaha, na hakuna sababu ya kijiji kuweka kiwango cha chini kuliko hicho pale ambapo wanyama ni walewale. Halmashauri za vijiji zinayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Sheria ndogo moja inayotaja njia zinazoruhusiwa, saa za kutembea na watu wanaoruhusiwa kuongoza ingewakinga vijana hao kuliko semina kumi.

Upande wa pili wa jambo hili huzungumzwa mara chache. Mnyama anaposhambulia, anayesimama mbele ni mwongozaji. Ikiwa ameajiriwa na kampuni au kambi iliyojisajili na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, basi akiumia kazini hutibiwa na kulipwa, na akifa wategemezi wake hulipwa pensheni. Mwajiri asiyejisajili anatenda kosa. Lakini kijana wa mapatano ya barabarani hana mwajiri. Mgeni aliyekuwa naye ana bima ya safari, ndege ya kumwokoa na wakili nyumbani kwake. Zanzibar, tangu Oktoba 2024, imemtaka kila mgeni kutoka nje anunue bima anapoingia. Familia ya kijana huyo itabakiwa na kifuta machozi.

Kifuta machozi si fidia

Majina haya mawili huchanganywa hata na viongozi. Fidia hulipwa na aliyekosea, kwa kiasi kinacholingana na hasara. Kifuta jasho na kifuta machozi hulipwa na Serikali chini ya Sheria ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2011 bila kumtafuta mkosaji, kwa mtu aliyepata hasara au madhara kutokana na wanyama hatari kama tembo, simba au kiboko. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha la kupona. Viwango hupitiwa upya, na kiwango cha sasa hupatikana kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2013 iliweka shilingi milioni 5 za nchi hiyo kwa kifo, ingawa malipo hayo yamelalamikiwa sana kwa kuchelewa.

Wananchi wana haki ya kuona uchungu katika tofauti hii. Mama aliyempoteza mume shambani na mgeni aliyevunjika mguu kambini wameumizwa na tembo walewale, lakini mmoja anadai katika sheria ya mkataba na uzembe, na mwingine anaomba katika kanuni za faraja. Njia ya fidia haijafungwa kwa mwanakijiji: akiweza kuonyesha uzembe wa mtu au taasisi fulani, anaweza kudai mahakamani kama yeyote mwingine, na wategemezi wa marehemu wanayo haki ya kudai chini ya Sura ya 310. Kinachomshinda mara nyingi ni ushahidi na nauli.

Tukio linapotokea

Maisha kwanza: kumwondoa majeruhi mahali pa hatari, kuzuia damu, kuita zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kumjulisha mhifadhi ili mnyama asidhuru wengine. Kambi na kikundi chochote kinachopokea wageni kinapaswa kuwa na sanduku la huduma ya kwanza lisilo tupu, na namba za simu zilizoandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Wananchi wasimfuate mnyama kwa mishale na mikuki.

Baada ya hapo, kabla mvua haijafuta nyayo, yaandikwe: saa, mahali, nani alikuwapo, mgeni aliambiwa nini na nani, mnyama alikuwa wa aina gani na alielekea wapi. Picha zipigwe za eneo, si za majeruhi kwa ajili ya kusambaza katika makundi ya simu. Polisi, Mtendaji wa Kijiji na Afisa Wanyamapori wajulishwe siku hiyohiyo. Mwenye bima aijulishe kampuni yake ya bima mara moja, kwa sababu anayechelewa anaweza kunyimwa kinga aliyoilipia. Asiwepo mtu wa kuandika barua ya kukubali kosa, wala ya kumlaumu mgeni, kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria.

Muda nao una sheria zake. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na madai ya mkataba ndani ya miaka 6, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Anayekusudia kuishitaki Serikali au mamlaka ya serikali za mitaa lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali huunganishwa katika kesi hizo. Mwanakijiji anayedai na kijiji kinachodaiwa wote wawili hushindwa kesi kwa kuchelewa zaidi kuliko wanavyoshindwa kwa kukosa haki.

Halmashauri za vijiji zenye mikataba ya viwanja vya kambi inayosubiri kutiwa saini zinaombwa kuifikisha kwa Mwanasheria wa Halmashauri kabla ya kuipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ikiwa na tafsiri ya Kiswahili ya vifungu vyote vinavyotaja dhima, bima na kukingana dhidi ya madai. Mikataba iliyokwisha kusainiwa nayo iletwe, pamoja na nakala ya bima ya mwekezaji. Vikundi vya vijana waongoza wageni vitakavyotaka kusajiliwa vianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, vikiwa na majina ya wanachama na orodha ya njia wanazozitumia.